Nchi Iliyouza Pole

Ipo nchi ambayo jina lake halitatajwa hapa. Si kwa hofu. Jina limepelekwa ng'ambo kupimwa thamani yake sokoni, na mpaka haya yanaandikwa bado halijarudi. Wananchi wanaiita "hapa", na hakuna aliyewahi kupotea kwa sababu hiyo.

Siku moja nchi hiyo ilipokea ripoti ya ushindani wa mataifa. Ripoti ilisema kwamba zamani nchi zilitajirika kwa shaba, pamba na bandari, lakini sasa, kwa vile mashine zimejifunza kufikiri, utajiri umehamia kwenye mali zisizoshikika: maarifa, ubunifu, chapa, programu za kompyuta, na jinsi watu wanavyoaminiana. Katika mashindano hayo nchi yetu ilikuwa ya pili kutoka mwisho. Ya mwisho ilikuwa haijajibu barua. Baraza la Mawaziri liliisoma ripoti kwa makini, angalau jalada lake, likaelewa jambo moja tu, kwamba kila kinachoshikika kimepitwa na wakati.

Hatua zikachukuliwa papo hapo. Ikaundwa Wizara ya Mali Zisizoshikika. Haikuwekewa kibao mlangoni, maana kibao kinashikika, kwa hiyo mwanzoni watumishi wake wengi walikuwa wakiripoti Wizara ya Mifugo na kupandishwa vyeo huko huko. Fungu la madawati likahamishiwa kwenye ari ya kusoma. Kiwanda cha majembe kikageuzwa Kituo cha Fikra za Kilimo. Hospitali kuu ikapewa dira, dhima na nembo mpya yenye njiwa, na mitungi yake ya oksijeni ikapigwa mnada, kwa kuwa ilishikika, tena kwa mikono miwili.

Bi Mwanahawa Lukindo alikuwa mkurugenzi msaidizi katika wizara hiyo. Alikuwa mwanamke wa makamo, makini, mwenye kuandika dokezo lililonyooka, na aliiamini ripoti ile kwa dhati kwa sababu yeye aliisoma yote, peke yake katika jengo zima. Mumewe, Mbaraka, alikuwa fundi mizani. Tangu vitu vya kupimika vianze kukosa heshima, Mbaraka alishinda nyumbani na mizani ileile ya muuza samaki mmoja, anaifungua, anaifunga, na jioni anapika wali. Hawakuwa na mtoto. Walipendana bila kelele, na hakuna kati yao aliyewahi kuhitaji kulieleza hilo kwa mtu.

*

Kamati ikaundwa kutafuta mali za taifa zisizoshikika. Mjumbe mmoja alipendekeza deni la taifa, kwa kuwa hakuna aliyewahi kulishika wala kuliona. Kamati ikalipitisha kwa shangwe, mpaka mwanasheria alipokumbusha kwamba hilo ni mali ya wanaotudai. Mwingine akapendekeza umeme. Ulikuwa haushikiki kweli, na siku nyingi ulikuwa hata hauonekani, lakini ulionekana hauna mvuto kwa wawekezaji.

Kamati ilikuwa imekwama hivyo pale Bwana Holm, mtaalamu aliyeletwa kutoka ng'ambo kuwasaidia kufikiri, alipojikwaa kwenye ngazi za wizara.

"Pole!" ikasema korido nzima.

Bwana Holm alisimama akiwa ameshika goti. "Mnaomba radhi ya nini?" aliuliza. "Hakuna aliyenisukuma."

"Hatuombi radhi," Mwanahawa akamweleza, maana ndiye aliyekuwa karibu. "Umejikwaa. Tumekupa pole."

"Kwa hiyo mmehuzunika?"

"Si sana."

"Mtanitibu goti?"

"Hapana."

"Basi hapa mmenipa nini?"

Mwanahawa alifikiri. Hakuwahi kuulizwa swali hilo tangu azaliwe. "Pole," akasema. "Sasa goti si linauma kidogo kuliko mwanzo?"

Bwana Holm alilitazama goti lake, halafu akakaa chini palepale ngazini. Akawaambia kwamba kwao mashine zinajua kila kitu, zinasoma picha za mapafu na kutunga sheria, lakini mtu akiziambia amefiwa zinamjibu kwa hatua saba za kuchukua. Watu wanazichukia. Nchi yenye neno kama hili, alisema, ina kitu ambacho hakuna kiwanda kinachoweza kukitoa. Siku hiyo hiyo Mwanahawa akaandika dokezo, na haukupita muda ikazaliwa Idara ya Pole, yeye akiwa mkuu wake.

*

Waziri, Mheshimiwa Dokta Gaudensi Mahimbo, ambaye udaktari wake nao ulikuwa wa aina isiyoshikika, alilitangazia taifa.

"Ndugu wananchi," alisema, "kwa karne nyingi tumekuwa tukigawa pole ovyo. Mtu kanyeshewa, pole. Mtu kakohoa, pole. Mbuzi kagongwa, pole kwa mwenye mbuzi na pole kwa mwenye gari. Wenzetu siri za viwanda vyao wanazilinda kwa bunduki. Sisi siri yetu anayo kila mpita njia. Huu ni uzembe, na Serikali yenu sikivu imeuona. Bidhaa inayotolewa bure haina bei. Kuanzia leo, pole ni mali ya taifa."

Haki ya kulitumia neno ikauzwa kwa kampuni moja ya ng'ambo ili mashine zake ziwapoze wateja. Wananchi hawakuachwa mikono mitupu. Walipewa maneno mbadala, yaliyopitishwa na kamati ndogo: "Taarifa yako imepokelewa."

Utekelezaji ulikuwa na changamoto zake. Neno "polepole" lilileta mgogoro, kwani wanasheria wa kampuni walishikilia kwamba hizo ni pole mbili kwa mkupuo mmoja. Likafutwa. Kwenye alama za barabarani zilizoandikwa "Endesha polepole" pakabaki "Endesha", na madereva wakatii. Mahitaji ya pole yakapanda sana kutokana na utiifu huo, jambo ambalo wizara ililiandika kama kukua kwa soko.

Kisha wananchi wakaanza ujanja. Mtu akifika msibani anasema "sana". Hivyo tu. "Sana, mama. Sana, baba." Kila mtu alijua ni nini kilichotangulia hiyo sana. Mwanahawa akatunga Kanuni ya Sana Yatima, iliyokataza sana kutembea peke yake bila neno la kuitangulia. "Mungu akupe subira" ikaamuliwa kuwa ni pole iliyovaa kanzu. "Jipe moyo" ikaonekana ni pole iliyovaa suti. "Jikaze" ilichunguzwa na wataalamu, ikakutwa haina chembe ya pole ndani yake, ikaruhusiwa.

Mwanahawa hakuwa mtu mbaya. Aliziandika kanuni hizo vizuri, kwa sentensi fupi, ili mwananchi wa kawaida asipate taabu kuzielewa. Jioni akirudi nyumbani alifunga madirisha, maana Mbaraka alikuwa hajabadilika. Akimwona mkewe anatokwa machozi kwa kitunguu, alisema pole.

"Mbaraka," alimwambia, "sheria."

"Nimekiambia kitunguu," Mbaraka alijibu. "Ndicho kilichokatwa."

Basi wakacheka, wakala.

*

Mbaraka alibanwa kifua asubuhi moja akiwa ameshika koleo. Mwanahawa akampeleka hospitali kuu. Walipokelewa na afisa wa chapa aliyewakaribisha katika safari ya uponyaji na kuwaonyesha njiwa. Daktari alikuja mbio. Alikuwa mtu mzuri, na mikono yake ilifanya yote ambayo mikono mitupu inaweza kufanya. Aliita oksijeni. Muuguzi akamkumbusha. Daktari akasimama katikati ya chumba, akaitazama dira iliyobandikwa ukutani, na Mbaraka akafa kabla daktari hajaimaliza, maana ilikuwa ndefu.

"Mitungi ilikuwepo, mama," daktari alisema. "Iliuzwa."

"Najua," alisema Mwanahawa. "Nilikuwa kwenye kikao."

Daktari akafungua mdomo. Mwanahawa aliiona midomo yake ikikutana, tayari kulitoa lile neno. Halafu daktari akamtambua ni nani, kwa sababu picha yake ilikuwa kwenye bango la kanuni palepale mlangoni.

"Taarifa yako imepokelewa," akasema, akatazama viatu vyake.

Mwanahawa hakulia. Katika nchi hiyo kilio kina mlango wake. Mfiwa hukaa mkavu, anajibu maswali, anaulizia sanda, hata chai anakunywa, mpaka aingie mtu wa kwanza amshike aseme pole. Hapo ndipo anapoachia. Bila hiyo hajui aanzie wapi. Mwanahawa alilijua hilo kama anavyojua kupumua, na ingawa alikuwa amelifanyia kazi neno lile kwa muda mrefu, kwenye dokezo lake hakuliandika jambo hilo, kwa kuwa hakudhani kuna mtu asiyelijua. Akaenda nyumbani kungoja pole.

*

Watu walijaa. Mbaraka alikuwa akipendwa, na hata muuza samaki alikuja, mizani yake ikiwa bado iko wazi mezani. Wakazika, wakarudi, wakakaa kwenye mikeka. Kila aliyeingia alimshika Mwanahawa mkono, akakaza macho ukutani, akasema taarifa yake imepokelewa, akaenda kukaa. Mwanahawa aliitikia asante. Hakuhisi kitu. Alijua ana huzuni jinsi mtu anavyosikia redioni kwamba mkoa wa jirani mvua inanyesha.

Jirani yake, Mama Chausiku, aliyepakana naye ukuta mmoja tangu ujana wao, alimshika mikono yote miwili na hakuiachia.

"Mama Chausiku," Mwanahawa akasema kwa sauti ya chini, "leo sema tu."

"Niseme nini, Mheshimiwa?"

Hakuwahi kumwita Mheshimiwa. Siku zote alikuwa akimwita shoga.

"Unajua."

Mama Chausiku alitazama huku na huku. Mwanawe mkubwa alishalala rumande kwa ajili ya sana moja tu. "Mimi sijui neno lolote," alisema. "Tulishalisahau sote, kama mlivyotuagiza."

"Nakuomba, shoga."

"Usinijaribu, Mwanahawa. Nina watoto." Na machozi yakamtoka yeye, Mama Chausiku, akayafuta haraka kwa ncha ya khanga yasije yakahesabiwa.

Mwanahawa akasimama katikati ya mikeka. "Jamani," alisema, "mimi ndiye mkuu wa idara. Nawaruhusu. Semeni mnachotaka kusema. Hapa hakuna atakayeandikwa."

Watu wakajiweka sawa, wakanyoosha migongo. Mwishowe kaka mkubwa wa marehemu akajibu kwa niaba ya wote.

"Tumekuelewa, Mheshimiwa. Sisi ni raia wema. Hatuna tunachotaka kusema."

Aliwaona wanavyomwogopa. Hakuwalaumu. Ukaguzi wa kushtukiza kwenye misiba ulikuwa katika kanuni, fungu aliloliandika mwenyewe, na lilieleza wazi kwamba mkaguzi anaweza kujifanya mfiwa.

Alasiri akaja Waziri na msafara, akasoma hotuba. Alisema marehemu alikuwa fundi wa vitu vinavyoshikika, na kwamba maisha yake yote alikuwa nyuma ya wakati. "Lakini leo," alisema Dokta Mahimbo akiinua kidole, "Mbaraka ametuacha, amejiunga na mali zetu zisizoshikika. Taifa limepata." Watu wakapiga makofi, kwa kuwa hapakuwa na kitu kingine kilichoruhusiwa. Waziri akamgeukia mfiwa.

"Jikaze, mama," akasema.

*

Alirudi kazini. Alijikaza vizuri kiasi kwamba idara iliongezewa fungu. Alisaini, alihudhuria, alikula mchana kwa sababu watu wengine walikuwa wanakula. Nyumbani aliacha madirisha wazi. Alikata vitunguu akafuta macho na kuosha kisu. Arobaini ikasomwa, watu wakaja, wakala, wakashika mkono, wakaondoka.

Siku moja, akiwa na mafaili mkononi, alifika kwenye ngazi za wizara wakati korido imejaa, akajiangusha. Aliifanya makusudi. Mafaili yakatawanyika, kiatu kikamtoka, kiwiko kikachubuka kikavuja damu. Alilala pale akiangalia dari na kusikiliza. Hata mtu mmoja tu, alifikiri. Hata kwa bahati mbaya, kama mtu anavyopiga chafya.

Watumishi wakasimama wote. Kisha wakampita mmoja mmoja kwa adabu, wanawake wakishika sketi zao, na kila mmoja akimwambia taarifa yake imepokelewa. Mhudumu wa ofisi alimwokotea kiatu akakiweka karibu na mkono wake. Walikuwa wamefunzwa vizuri. Yeye ndiye aliyewafunza.

Akakaa, akavaa kiatu, akaenda kwenye kikao.

*

Mambo yaliharibikia ng'ambo. Mwanamke mmoja wa huko aliteleza dukani akavunjika mguu, akapiga simu, na mashine ya duka ikamjibu, "Pole." Akauliza maana yake. Wakalitafuta neno kwenye kamusi zao, na kwa kuwa hawakuwa na lao la kulilinganisha nalo, wakaandika: ni kosa letu. Mahakama ikasema duka limekiri lenyewe. Baada ya hapo kila aliyekuwa na jino bovu alizipigia simu mashine zile ili akiriwe. Waliofiwa wakaambiwa pole, wakashitaki kwa mauaji. Bwana Holm aliitwa kutoa ushahidi, akaeleza habari ya goti, na kilichotokea ni kwamba wizara yetu ikaandikiwa barua ya kudaiwa goti hilo.

Kampuni ikavunja mkataba na kulirudisha neno likiwa ndani ya sanduku. Sanduku lilikuwa tupu, bila shaka, lakini lilipokelewa uwanjani kwa ngoma. Asubuhi hiyo redio ikatangaza kwamba pole imerejea nyumbani, kwamba taifa limepata hasara isiyoshikika, ambayo kitaalamu si hasara, na kwamba wananchi wako huru kulitumia neno hilo hadi hapo watakapotangaziwa vinginevyo. Ilipofika mchana Idara ya Pole ilikuwa imefungwa. Waziri alimpa Mwanahawa mkono, akamwambia kwamba taifa halitamsahau, na akamwomba aache ufunguo.

Mwanahawa alitembea kwenda nyumbani. Kwa mara ya kwanza tangu Mbaraka afe alikuwa na haraka. Sasa watakuja, alijiambia. Hakuna sheria, hakuna idara, mimi si mtu tena. Mama Chausiku ataingia bila kubisha.

Kumbe Mama Chausiku na wenzake walikuwa wamekwisha kulizungumza hilo ukutani tangu redio ilipotangaza. Wengine walitaka kwenda. Wengine wakasema arobaini imeshapita, ukimwendea mtu na pole leo ni kumfukulia kaburi. Na mbona mwenyewe anaonekana amepoa? Siku zote hizi hakuna aliyemwona akilia. Wakakubaliana wamwache apumzike. Walifanya hivyo kwa huruma, na walijisikia vizuri.

Kwa hiyo alipopita mlango hata mlango, watu walimsalimu tu, naye akaitikia, akaendelea kutembea, haraka ile ikimwishia miguuni. Kwenye kona ya kuingilia kwake palikuwa na mwanamke mgeni, aliyehamia mtaani juzi juzi, anakaanga vitumbua. Hakumjua Mwanahawa ni nani. Alichokiona ni mama mtu mzima mwenye mkoba, anatoka ofisini, amechoka. Tangu asubuhi mwanamke huyo alikuwa akimwambia kila anayepita, kwa raha tu ya kulisikia neno likitoka.

"Pole na kazi, mama," alisema.

Mwanahawa alisimama. Akataka kujibu asante, mdomo ukakataa. Akakaa chini kwenye vumbi kando ya jiko, akaweka mkoba juu ya mapaja, akalia. Alilia kwa sauti, mdomo wazi, bila kujifunika, akilitaja jina ambalo hakuna aliyelisikia vizuri kwa sababu ya mafuta yaliyokuwa yakichemka. Yule mwanamke aliacha vitumbua vikaungua.

Watu wakatoka majumbani. "Kuna nini?" wakaulizana. "Nimemwambia pole na kazi tu," alisema muuza vitumbua, akiwa ameshika mwiko kwa hofu.

"Basi ndiyo hiyo," Mama Chausiku alisema, akishika kichwa. "Hukusikia redio? Idara yake imefungwa leo. Wamemwachisha."

Mtaa mzima ukamwonea huruma. Wakamzunguka, wakapiga magoti, wakamshika mabega, na wote wakamwambia, mmoja baada ya mwingine, kwa midomo iliyokuwa na hamu. Pole, mama. Pole sana, dada. Pole, shoga yangu. Usilie, utapata nyingine. Mwanahawa alisikia wazi kwamba wamesema nyingine, hawakusema mwingine, na wala hakuwasahihisha. Aliitikia asante kwa kila mmoja, akilia, mpaka giza likaingia na Mama Chausiku akamwongoza nyumbani na kumlaza.

Kisha wakarudi kwao, na huko kwenye ngazi za nyumba zao wakakubaliana kwamba hawajapata kumwona mtumishi wa serikali aliyeipenda kazi yake kiasi kile.